Kila Mtu Asimame Mahali Pake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wakili alimwagilia bustani ya baba yake. Wakili si jina alilopewa na wazazi, ila watu wa kijiji walishalisahau lile jingine, maana msichana huyu akiona jambo limekaa upande, hawezi kulala mpaka aliseme. Alichota maji ya chemchemi kwa ndoo, akageuka, na hapo hapo alikuwa ameshafika kwenye matuta ya kabichi na nyanya. Akayanyunyiza kwa kopo la bati lililotobolewa matundu chini. Bustani ilikuwa karibu na maji kiasi kwamba mdogo wake angeweza kukaa kwenye tuta la mwisho na kuosha miguu chemchemini.

Maji yenyewe siku hizo yalikuwa ya kutia kinyaa. Zamani ulikuwa ukiinama unaona changarawe kule chini. Sasa uliona tope, na asubuhi nyingine kinyesi cha ng'ombe kinaelea juu bila haya. Mdogo wake alikuwa ameharisha mpaka macho yakaingia ndani, na muuguzi wa zahanati alimgombeza mama kana kwamba mama ndiye aliyeyachafua maji. Wakili alikuwepo siku hiyo. Alitoka zahanati amefura kwa hasira, na alimjua wa kulaumiwa: Mzee Kengele, mfugaji, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya ng'ombe wake wa mbele.

Bahati mbaya, binti wa Mzee Kengele alikaa naye dawati moja. Huyo walimwita Pilipili, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini.

"Ng'ombe wenu wanatunywesha kinyesi," Wakili alimwambia hata kabla hajaweka mkoba chini.

"Na mvua ikinyesha, udongo wa bustani yenu unakwenda wapi?" Pilipili akamrudishia. "Unapaa mbinguni?"

Wakili akautupa mkoba juu ya dawati. Swali hilo lilimuudhi kuliko kinyesi chenyewe.

Wakati huo kijiji kizima kilikuwa kikizungumzia mpango wa matumizi ya ardhi. Kilikuwa hakijawahi kuwa nao. Tangu mababu, kila mtu alilima alipotaka, akachunga alipotaka, akajenga alipotaka, na ugomvi ulipozuka mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyepoteza usingizi. Sasa afisa ardhi, mwanamke mwenye kofia pana na sauti ya upole, alikuja kuwaambia kwamba wakae wenyewe wakubaliane: hapa nyumba, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Kuzunguka chemchemi pasilimwe, pasichungwe, paachiwe miti na majani tu. Wakishakubaliana, mkutano mkuu wa kijiji uupitishe mpango, na uwe wa kila mtu.

Baba yake Wakili alichaguliwa kwenye kamati, kwa sababu alijua kusema. Mchana mmoja, wakila, alikuwa bado anasema.

"Safari hii Mzee Kengele atatutambua. Ng'ombe wake watoke pale majini, tena mara moja!"

"Na bustani yetu, baba?" Wakili aliuliza.

Baba alimtazama kana kwamba ameulizwa na kijiko.

"Umewahi kuona kabichi ikienda haja?"

Mdogo wake alicheka mpaka chakula kikampalia. Mama hakucheka. Alimpigapiga mtoto mgongoni, akainamia sahani yake.

Siku ya kuchora ramani, watu walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Afisa alikuwa na karatasi zake, lakini alisema karatasi zingoje. Ramani ya kwanza ingechorwa pale chini, kubwa, ili hata asiyejua kusoma aione na kuikosoa. Wakamwaga majivu kuonyesha barabara. Wakapanga mawe kuwa nyumba, matawi kuwa msitu, maganda ya mahindi kuwa mashamba. Chemchemi ilikuwa kitambaa cha buluu kilichotandazwa katikati. Kwa mpaka wa kuilinda walileta kamba ndefu ya katani, na kazi ya kuizungusha akapewa baba.

Baba aliizungusha vizuri upande wa malisho, akaisogeza mbali mpaka Mzee Kengele akaguna. Akaendelea vizuri upande wa msitu. Alipofika upande wa bustani yake, kamba ikakunja kiwiko, ikaingia ndani hadi karibu kugusa kitambaa, kisha ikatoka tena. Maganda ya mahindi ya bustani yake akayaweka mbali kabisa, karibu na barabara. Wakili aliona kwa macho yake mawili.

"Mbona kamba imepinda pale?" Mzee Kengele aliuliza.

"Pale pana mwamba," baba akajibu, macho makavu.

Hapakuwa na mwamba. Pale palikuwa na matuta, na Wakili aliyajua moja moja. Watu wazima walitazamana, wengine wakakohoa. Wapo waliouogopa mdomo wa baba, na wapo waliokuwa na mipindo yao wenyewe kwenye ramani hiyo na hawakutaka ichunguzwe. Basi wote wakajitia hamnazo. Wakili alimvuta baba yake shati.

"Baba, bustani yetu haiko kule."

"Nyamaza. Haya ni mambo ya wakubwa."

Mambo ya wakubwa! Nani aliyebeba ndoo asubuhi ile? Nani aliyemshika mdogo wake mkono zahanati, mtoto akilia kwa tumbo? Mkubwa gani aliyekuwa pale? Kumkasirikia Mzee Kengele kulikuwa rahisi, hata kutamu. Kumkasirikia baba yake mwenyewe kulimuuma, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu sare aliyovaa ilitokana na nyanya zile zile. Bustani ikiondoka, hakujua wangekula nini wala angesomaje.

Afisa ardhi alipiga makofi.

"Kabla sijachora kwenye karatasi, tuna desturi moja katika kazi yetu. Kila mtu aingie kwenye ramani, asimame mahali pake. Pale ulipofanyia kazi asubuhi ya leo. Watoto pia, maana nao wanafanya kazi."

Watu waliingia wakicheka na kukanyagana. Wenye nyumba wakasimama kwenye mawe, wakulima kwenye maganda. Mzee Kengele alikwenda kusimama mbali sana, kwenye vilima vya malisho, na fimbo yake mkononi. Baba akasimama karibu na barabara, mikono kifuani, kama mtu anayepigwa picha.

"Njoo hapa," alimwita Wakili.

Wakili alitazama viganja vyake. Udongo wa asubuhi ulikuwa bado kwenye kucha. Miguu ikaanza kwenda. Ilipita mawe, ikapita maganda, ikaruka kamba ya katani, ikasimama vidole vikigusa kitambaa cha buluu.

Vicheko vilikatika.

"Wewe! Umesimama wapi huko?" baba aling'aka. "Njoo hapa alipo baba yako!"

"Tumeambiwa tusimame tulipofanyia kazi asubuhi," Wakili alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ila uwanja ulikuwa kimya. "Nilimwagilia hapa, baba."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mzee Kengele akapata nguvu, akapaza sauti kutoka vilimani kwake:

"Eti mwamba! Mmeusikia huo mwamba?"

Hakumaliza kufurahi. Pilipili alikuwa ameshaondoka ubavuni mwake, anakuja mbio, anaruka kamba. Alisimama kando ya Wakili, bega kwa bega.

"Mimi nilinywesha ng'ombe hapa," alisema. "Leo na jana, na siku zote. Kule vilimani hatujaenda tangu kiangazi kianze."

Sasa baba wawili walikuwa wamesimama pembe mbili za uwanja, na mabinti wao katikati. Mzee Kengele alishusha fimbo. Uso wa baba ulikuwa umeiva kwa hasira.

"Umeniaibisha mbele ya watu!"

"Mdogo wangu aliharisha, baba!" Wakili alilipuka, na machozi aliyoyazuia yakamtoka yote. "Alikuwa hawezi hata kusimama! Wewe ulisema ni ng'ombe, baba yake Pilipili anasema ni bustani, na nyote mnanyamaza kuhusu vya kwenu! Sisi ndio tunaoyachota! Sisi ndio tunaoyanywa!"

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama alitoka kwenye mawe ya nyumba, akavuka kamba, akasimama nyuma ya mabinti.

"Mimi nilijua tangu siku ile ya kabichi," alisema, akimtazama mumewe. "Nikanyamaza ili nyumba iwe na amani. Lakini maji ya kumchemshia mtoto nayachota hapa, kwa hiyo mahali pangu ni hapa."

Baba aligeuka, akawapa watu mgongo. Wengine wakadhani anaondoka. Kisha akaja polepole, akainama, akashika kamba pale ilipokunja kiwiko.

"Sogeeni," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Sogeeni niinyooshe."

Aliivuta hadi ikapita nje ya matuta yake yote. Aliyafuata maganda yake karibu na barabara, akayaleta hadi ndani ya kamba mahali pake pa kweli, kisha akayainua mbele ya watu wote na kuyatoa nje ya kamba. Baada ya hapo ilikuwa ajabu. Mzee Kengele alikubali ng'ombe wanyweshwe kwenye birika litakalojengwa bondeni, maji yafike kwa bomba. Fundi matofali, aliyekuwa akichimba udongo karibu na maji, alikohoa, akasogeza mwenyewe alama ya shimo lake, bila kuulizwa. Afisa akachukua karatasi zake, akaanza kuchora.

Mkutano mkuu uliupitisha mpango, vigingi vikapigwa kuzunguka chemchemi, na wanafunzi wakapanda miti ndani yake. Kamati iliipa familia ya Wakili kipande kwenye eneo la kilimo. Udongo wake ulikuwa mgumu, kabichi za kwanza zilitoka ndogo kama ngumi, na nyumbani walikula kwa kubana. Baba alifanya kazi kimya. Kwa Wakili hakuwa na maneno zaidi ya "lete jembe" na "weka hapo".

Asubuhi moja, Wakili na baba wakichota maji chemchemini, fundi matofali alipita akiwa na koleo.

"Jirani, kigingi hiki kimoja tukisogeze kidogo tu. Udongo mzuri uko hapa. Nani atajua?"

"Utakisogeza ukinihamisha mimi kwanza!" Baba alifoka mpaka ndege wakaruka mtini. "Nimeng'oa kabichi zangu kwa mkono wangu, na wewe unaniambia kidogo tu?"

Fundi aliondoka amenywea. Baba alibaki anahema, kisha akamwona Wakili anamtazama. Akakaa kwenye jiwe, akamwita.

"Mwanangu, nilidhani mpango ni wa kuwahamisha wenzangu. Nilikuwa mkali kwa kosa la jirani na kipofu kwa kosa langu, na mdogo wako akalipia. Ulipovuka kamba ile nilikukasirikia sana, kwa sababu ulisema kweli." Aliinama akatazama majini, ambako changarawe zilikuwa zimeanza kuonekana tena. "Mtu akitaka sheria iwe ya wote, aanze kusimama mwenyewe pale alipo kweli. Usiache kufanya hivyo, hata nikikugombeza mimi."

"Ndiyo, baba," alisema Wakili.

"Haya, beba ndoo hizo mbili twende. Njia imekuwa ndefu, na wewe ndiye uliyeirefusha."

Wakili aliziangalia ndoo, akamwangalia baba yake.

"Hiyo si haki," alisema, akaiweka ndoo moja miguuni pa baba.

Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya kamba, akaichukua, wakapanda njia pamoja.