Uma wa Toleka ya Papa Amuri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rachida alifuta vumbi toleka ya baba yake, ile baiskeli ya kubebea abiria iliyowalisha nyumbani. Baba huyo, Papa Amuri, hakumruhusu mtu mwingine kuiendesha. Lakini mtoto ni mtoto. Ijumaa moja, baba akiwa msikitini, Rachida aliichukua, akampakia binamu yake Malika, wakaishia mtaroni. Uma wa mbele, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu, ukapinda.

Hofu ikawashika. Waliubana kati ya michikichi miwili, wakavuta mpaka ukanyooka. Juma lililofuata wakarudia, wakaanguka tena, wakaunyoosha tena. Safari hii Rachida aliona ufa mwembamba kwenye rangi. Akaupaka masizi na mafuta, akanyamaza.

Siku chache baadaye, Papa Amuri akiteremka kuelekea mtoni, uma ulikatika. Abiria alichubuka tu, lakini papa alivunjika mkono vibaya. Mtaa mzima ukamlaumu tonton Benoît, yaani mjomba Benoît, fundi aliyeuchomelea uma huo mwezi uliopita. Watu wakaacha kumpelekea kazi. Rachida alimwona amekaa mbele ya karakana bila la kufanya, na jioni ile chakula kilimshinda.

Alipiga moyo konde, akapiga magoti kando ya kitanda cha baba.

“Papa, si tonton Benoît. Ni mimi. Uma ulipinda mara mbili, nikaunyoosha.”

Papa Amuri alijiinua kitandani.

“Bon, sawa. Kesho utamwambia mwenyewe, mbele ya wale wanaomsema.”

Rachida alikwenda, akasema yote huku akilia. Benoît aliokota uma uliokatika. Alipochomelea palikuwa pazima. Ulikatikia pale ulipopinda. Akachukua waya, akaukunja na kuunyoosha mpaka ukakatika mkononi.

“Unaona, mutoto? Bomba iko vilevile. Ukiinyoosha inaonekana nzima, lakini ndani imechoka. Siku ya mzigo, inaachia.”

Alitengeneza uma mpya, na wateja wake wakarudi. Toleka nayo ikarudi barabarani, lakini aliyeiendesha sasa ni jirani yao Ismaël, kwa maana mkono wa papa haukunyooka tena.

Asubuhi moja papa alimkuta Rachida akiifuta, machozi yakimtoka.

“Mwanangu, ungeniambia siku ya kwanza, ningekugombeza, tungebadilisha bomba, yakaisha. Kosa lilikuwa dogo. Kulificha ndiko kulikotuumiza. Usinifiche tena.”

“Ndiyo, papa.”

Papa akanyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akachukua kitambaa, akamalizia kufuta gurudumu la mbele.