Nyambizi za Jumatatu Asubuhi

Saa sita mchana duka la vipuri lilikuwa limejaa pomoni. Mafundi wenye mikono ya grisi walijazana mbele ya kaunta, kila mmoja akipaza sauti kumshinda mwenzake, na muuzaji alikuwa akipanda na kushuka ngazi ya mbao mpaka jasho likamlowesha mgongo. Kocha alisubiri zamu yake kwa kuhema. Jina hilo la Kocha alipewa na watu aliowafundisha kuogelea, likamganda, hata mama yake mzazi siku hizi alimwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kutunza bwawa la kuogelea la mji: kupima dawa, kusugua vigae, kuwashika mikono watu wazima wanaoogopa maji, na siku ile, kuhangaika na pampu iliyokuwa ikivuja tangu jana.

"Oringi kama hii, kaka," alisema, akainua mpira mwembamba wa duara uliokatika.

"Una bahati. Imebaki moja."

"Hiyo ina mwenyewe," sauti ya mwanamke ilidakia nyuma yake. "Nilipiga simu asubuhi, ukaniahidi utaniwekea."

Kocha aligeuka. Mwanamke alivaa gauni la kijani kibichi lenye vidoto vyeupe, na juu yake koti jeupe la kazini ambalo bila shaka alisahau kulivua. Vidole vyake vilikuwa na unga wa plasta hadi kwenye kucha. Alikuwa mfupi, na alisimama kama mtu asiye na mpango wa kusogea.

"Dada yangu," Kocha alisema kwa upole, "mimi nina pampu inamwaga maji kama mvua. Wewe pampu yako ina shida gani?"

"Sina pampu. Nina nyambizi."

Mafundi waliangua kicheko. Kocha naye akatabasamu.

"Nyambizi, ile meli ya chini ya maji? Na wanajeshi wako umewaacha nje?"

"Hawaingii. Urefu wake ni kama mkono wako." Akautazama ule mkono wa mwogeleaji, toka begani hadi kwenye vidole, bila haraka. "Labda na nusu. Hebu nione hiyo iliyokatika."

Akaichukua, akaivuta, akaizungusha kwenye mwanga. Kisha akamgeukia muuzaji. "Mpe namba moja kubwa zaidi. Kaka, umekuwa ukitumia saizi ndogo, ndiyo maana inakatika. Na usiiweke kavu. Ipake grisi ya silikoni kwanza."

"Na ikivuja?"

"Utanilaumu."

"Nitakulaumuje bila namba ya simu?"

Mafundi wakapiga makofi. Mwanamke akavuta midomo asicheke, akashindwa, akamwandikia namba nyuma ya risiti.

Jioni ile ile simu ya mwanamke iliita.

"Haivuji," Kocha alisema.

"Sasa unapiga kwa nini?"

"Kulalamika. Haivuji, kwa hiyo sina kisingizio cha kukuona."

Upande wa pili alisikia kicheko kikizibwa na kiganja. "Hujaniuliza hata nafanya kazi gani."

"Unaendesha nyambizi."

"Hiyo ni starehe yangu. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, hospitalini. Nyambizi naiendesha Jumapili, kwenye ziwa dogo la bustani, na maji yale ni matope matupu. Ikishuka kidogo tu siioni tena."

Kocha alinyanyuka kitini. "Mimi nina maji yanayoonyesha mpaka sarafu iliyo chini, na kina cha mita tatu. Jumatatu asubuhi tunafunga kwa usafi. Hakuna mtu ila mimi na fagio."

"Nina zamu ya mchana Jumatatu," alisema Fundi Meno. "Mlango unafunguliwa saa ngapi?"

Alikuja saa mbili kamili, kilemba cha samawati kichwani, amekumbatia boksi refu kifuani. Kocha alitarajia mdoli. Lakini boksini ilikuwamo nyambizi kamili. Ilikuwa na rangi ya kijivu cha bati, imenyooka, haina kovu hata moja. Mapezi mawili mbele, mawili nyuma, na rafadha ya shaba ya kuisukuma, aliyoichonga mwenyewe kwa vifaa vile vile anavyochongea meno. Akaifungua tumbo, akamwonyesha bomba la ndani lenye betri na mota ndogo, likiwa limezibwa kusudi tone moja la maji lisipite.

"Ukitaka izame, tangi hili linavuta maji. Ukitaka ipande, linayasukuma nje. Kazi yote ni uzito. Ikizidi gramu chache inakwenda chini kama jiwe. Ikipungua, inaelea kama bata."

"Umeijenga kwa muda gani?"

"Miaka miwili na miezi minne."

Akaiweka majini, akashika rimoti. Nyambizi ilisogea taratibu, ikainamisha pua, ikapotea bila kutoa hata wimbi. Kocha alipiga magoti ukingoni. Maishani mwake amewatazama watu wakipambana na maji, wakiyapiga, wakiyanywa; hajawahi kuona kitu kikiingia ndani yake kwa utulivu ule. Ilipita juu ya mistari myeusi ya vigae, ikazunguka ngazi, ikapanda mbele ya uso wake ikichuruzika maji.

"Sema kitu," alisema Fundi Meno, sauti imepungua ghafla.

"Izamishe tena. Nataka kuiona tena."

Alishusha rimoti. "Mwanaume aliyetaka kunioa zamani aliiita hii midoli. Mbele ya ndugu zake. Akasema nikiolewa nitaiacha, maana mke wa mtu hachezi. Nikamrudishia kila kitu chake."

"Alikuwa hana macho," Kocha alisema. Na siku ile akampa jina jipya: Nahodha.

Jumatatu zikafuatana. Nahodha alimfundisha Kocha kushika rimoti. Kocha akamfundisha kuogelea, kwa kuwa Nahodha, pamoja na nyambizi yake, hakuwahi kuingia maji yanayopita kiuno. Siku ya kwanza alimng'ang'ania shingoni mpaka kucha zikaacha alama.

"Nahodha mzima anaogopa maji!"

"Manahodha hukaa ndani ya chombo, mpenzi. Hawaloi."

Lile neno mpenzi lilimtoka lenyewe. Wote wawili walilisikia, wakacheka. Tangu siku hiyo simu zilikuwa asubuhi, mchana na jioni. Umekula, laazizi? Nimekula, na wewe? Nimemaliza meno ya babu mmoja, akiyavaa atafanana na wewe. Kocha akawa anapiga mluzi akisugua vigae, na wenzake wakamshangaa, maana hawakumzoea hivyo.

Ndipo meneja mpya alipoletwa. Alikuwa mtu wa sheria, mwenye daftari kila aendako. Jumatatu moja, Nahodha akiwa bado njiani, meneja alipiga simu chumba cha pampu kuuliza kama ni kweli kuna mtu wa nje anaingiza mitambo ya umeme bwawani. Kocha alishtuka. Akaona mlango ukifungwa, Jumatatu zote zikipotea. Akasema la kwanza lililomjia mdomoni.

"Mitambo gani, bosi? Ni midoli tu. Dada mmoja anajichezea kitoto, hana kazi ya maana siku hiyo. Usijali kabisa."

Aliposhusha simu, aliona ukingo wa gauni la kijani ukitoka mlangoni. Alikimbia hadi barabarani. Alichokiona ni mgongo wake tu, na boksi refu kwapani, akivuka upande wa pili.

Alipiga simu siku ile, haikupokelewa. Alipiga kesho yake, na keshokutwa, mara nane, mara kumi. Siku ya tano ilipokelewa na sauti nzito ya mwanamke mtu mzima.

"Mimi ni shangazi yake. Amesema nikwambie hayupo."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Yupo hapa mbele yangu, anakunja uso. Mwanangu, hebu niambie, ulisema midoli?"

"Nilisema, shangazi. Lakini nilikuwa nataka..."

"Sikuulizi ulikuwa unataka nini. Nauliza ulisema."

"Nilisema."

"Haya. Angalau huongopi." Simu ikakatika.

Kocha alikaa juu ya ndoo ya dawa akajikuna kichwa. Hasira yake ya kwanza ilikuwa kwa meneja, ya pili kwa bahati mbaya. Ilimchukua siku nzima kufika kwenye ile ya tatu, ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo ndiyo iliyostahili. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema kweli, akaona aibu kuisema: aliona meneja atamcheka yeye, mwanaume mzima, kwa kupenda kitu kile. Kumbe alimkana ili asichekwe.

Asubuhi iliyofuata alipiga moyo konde, akagonga mlango wa ofisi.

"Bosi, nilikudanganya. Si midoli. Ni nyambizi, na aliyeijenga ni fundi kuliko fundi yeyote anayeingia hapa. Inatumia betri ndogo, haina hatari. Kosa ni langu, sikuomba ruhusa."

Meneja alimtazama juu ya miwani. "Nyambizi? Inazama kweli na kurudi?"

"Inarudi."

"Mbona hukuniambia nije kuona?" Akafungua daftari. "Jumatatu, saa mbili hadi saa nne. Andika jina lake hapa, na wewe uwepo muda wote."

Kocha alitoka pale na ruhusa mkononi, na hana wa kumpa. Angempelekea ujumbe, lakini maneno ndiyo yaliyomponza. Akamtafuta mzee mmoja wa kundi linaloendesha nyambizi ziwani Jumapili, mwalimu mstaafu wa fizikia, ambaye Nahodha alimtaja mara nyingi.

"Kupatanisha watu siwezi," Mwalimu alisema, "mke wangu atakwambia. Ila kukufundisha kupima uzito, naweza. Unataka kujenga?"

Alijenga wiki saba, mchana wa mapumziko, kwenye meza ya chumba cha pampu. Alikata bomba akakosea, akakata jingine. Gundi ilimganda kwenye nyusi. Mara tatu ilijaa maji, mara mbili ikaelea tumbo juu. Vifaa vya ndani vilikuwa vya zamani vya Mwalimu, naye Kocha hakujua nusu ya kazi zake. Kila ilipomshinda alifikiria miaka miwili na miezi minne, akaona haya upya.

Jumapili alifika ziwani amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amebeba kitu cha manjano ambacho hakikufanana na nyambizi wala samaki. Rangi ilikuwa ile ya kuchorea mistari ya bwawa. Nahodha alikuwa upande wa pili, amevaa gauni jekundu la maua, anazungumza na Mwalimu. Alimwona Kocha, akampa kisogo.

Kocha hakumfuata. Alipiga magoti, akakiweka chombo chake majini, akasukuma kijiti cha rimoti. Kikaenda! Kikaenda mita kumi, kimenyooka, kikainamisha pua, kikazama vizuri mno hata mtoto mmoja wa watu akashangilia. Dakika ikapita. Kocha akabonyeza kupanda. Hakikupanda. Akasogea kushoto, akabonyeza. Akasogea kulia, akainua rimoti juu ya kichwa, akaingiza kiatu kimoja kwenye matope, akabonyeza, akabonyeza. Maji ya ziwa yalitulia kimya. Akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Vaa shati lako, watu wanaangalia."

Nahodha alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kimezama," Kocha alisema. "Wiki saba. Sikujua kitu kinaweza kuuma hivi."

Nahodha alitazama rangi ya manjano iliyobaki kwenye kucha za Kocha, gundi kwenye nyusi. "Vifaa ni vya Mwalimu? Basi zima rimoti."

"Nikizima si ndiyo nakipoteza kabisa?"

"Zima, Kocha."

Akazima. Walisimama bega kwa bega. Nahodha alihesabu kwa sauti ndogo: mbili, tatu, nne. Alipokaribia kumi, maji yalichemka viputo, na mkia wa manjano ukachomoza katikati ya ziwa, kisha tumbo, kisha pua yenye tope.

"Ikipotelewa na mawimbi ya rimoti inangoja sekunde kumi, halafu inajitoa maji yenyewe," alisema Nahodha. "Wewe umekuwa ukiishtua shtua huku na huku, kila mara inaanza kuhesabu upya. Hukuipa hata sekunde tano za kimya." Akamtazama. "Na mimi ulinifanyia vivyo hivyo. Simu kumi kwa siku. Nilitaka kukasirika kwanza, ndipo nikusikilize."

"Nilikukana," Kocha alisema. "Niliogopa kuchekwa. Nimekwenda kumwambia meneja ukweli. Jina lako limo kwenye daftari lake, kila Jumatatu, saa mbili hadi saa nne. Hata usipotaka kuniona, nitafungua mlango nikae nje."

"Umesema sheria ni uwepo muda wote?"

"Sijasema. Lakini ndivyo alivyosema meneja. Umejuaje?"

"Mwalimu ameniambia tayari. Wiki tatu zilizopita." Akajipangusa jicho kwa mgongo wa mkono, akacheka. "Nilingoja umalize kujenga. Rangi gani hii, jamani? Imekaa kama ndizi."

"Nahodha, nataka kuja kwenu. Kwa heshima. Kukuomba."

Nahodha alitoa simu kwenye pochi, akapiga, akaweka sauti wote wasikie.

"Shangazi, yule wa bwawa yupo hapa. Anauliza aje lini."

"Aliyesema midoli?"

"Ndiye. Amejenga yake."

"Inazama?"

"Inazama, shangazi."

"Na inarudi?"

Nahodha alimwangalia Kocha, aliyekuwa amesimama na kiatu kimoja cha matope na shati lisilofungwa vifungo. "Imerudi sasa hivi," alisema.

"Basi aje Jumamosi na mama yake, nimpikie. Na mwambie simu apige mara moja tu, nitasikia."