Taa ya Buluu ya Papa Muhindo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Dorcelle alikuwa ameshafagia saluni ya baba yake katika mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi. Kazi zake zilikuwa tatu: kufagia nywele za Ijumaa, kukunja taulo, na kufuta mlango wa kisanduku. Kufagia alikuchukia. Taulo alizivumilia. Lakini kisanduku, hicho alikipenda.

Kilikuwa cheupe, kipana kama redio ya zamani, kimekaa mezani mbele ya kioo kikubwa, na kupitia mlango wake wa kioo ungeona taa ya buluu ikiwaka. Kila Papa Muhindo alipomaliza kunyoa mtu, aliweka mashine humo, akafunga mlango, akatoa nyingine. Wateja walipenda sana kuona hivyo. Wapo waliowapita vinyozi watatu njiani ili waje kunyolewa penye taa ya buluu.

Dorcelle alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na maswali yasiyokwisha. Mzee Adalbert, mstaafu wa reli, alimpa jina la Mama Kwa Nini. Mzee huyo alikuja kila siku kusikiliza habari za redio, ingawa kichwani hakuwa amebaki na unywele hata mmoja wa kunyoa.

"Papa, hii taa inafanya nini?" Dorcelle aliuliza Jumamosi moja.

"Iko inaua mikrobe, vile vidudu vya magonjwa."

"Inaziua namna gani?"

"Kwa ile buluu yake."

"Na umeme ukikatika?"

Papa Muhindo alisafisha koo. "Ukikatika, zinangoja."

"Mikrobe zinangoja?"

Mzee Adalbert alicheka mpaka akashika mbavu. "Muhindo, huyu mutoto atakumalizia majibu."

Papa Muhindo naye alicheka, akageukia kichwa kilichokuwa mbele yake. Alikuwa mtu wa Butembo, mpole, mwenye mkono mwepesi. Alikuja Lubumbashi miaka mingi nyuma, na mashine moja ndani ya mfuko. Kunyoa alikujua kwa kusimama nyuma ya kaka yake mkubwa na kumtazama. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno, na yeye hakuuliza, maana kwao mtoto aliyemuuliza mkubwa wake alionekana hana adabu. Ukutani alikuwa ametundika patenti ya komini, kibali cha biashara cha serikali ya mtaa, ndani ya fremu, na kila mtu aliyeingia aliiona.

Jumatatu darasani, Deborah, rafiki wa Dorcelle wa dawati moja, alisogea mpaka mwisho wa benchi.

"Una nini?" Dorcelle alimuuliza.

"David ana mapunye," Deborah alisema bila kumtazama. David alikuwa mdogo wake wa miaka sita. "Kichwa kimejaa madoa ya duara, nywele zinakatika, anajikuna hadi anatoka damu. Alinyolewa kwenu. Mama anasema ni mashine za baba yako, na Jumapili ataambia bamama wote wa kwaya."

"Haiwezekani. Sisi tuna taa."

"Taa gani? Taa ni taa tu."

Dorcelle alihisi uso ukimwaka. Kwaya ile ilikuwa na wanawake arobaini, na kila mmoja alikuwa na watoto wa kunyolewa. Wakisikia, nani angekanyaga tena mlango wa baba yake? Na Deborah je, aliyekuwa akigawana naye hata karanga za mapumziko? Hapo hapo akaazimia kuthibitisha kwamba taa inafanya kazi.

Njia aliipata kwa mwalimu wao. Wiki iliyopita mwalimu aliwaonyesha jinsi mkate wenye unyevu unavyoota ukungu, akawaambia kwamba mapunye nayo huletwa na ndugu za ukungu ule. Basi jioni Dorcelle alikata vipande viwili kutoka mkate mmoja, akavilowesha kidogo, akafunga kila kimoja katika mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo. Kimoja alikiacha nyumbani juu ya kabati. Cha pili alikificha nyuma kabisa ya kisanduku, mahali baba yake huweka mashine ya akiba ambayo haitumiki. Kama taa inaua, mkate wa ndani utabaki msafi, naye ataupeleka kwa Deborah aone mwenyewe.

Siku nne alijizuia asichungulie. Ijumaa asubuhi, mkate wa nyumbani ulikuwa umeota ndevu za kijani. Alifurahi sana. Baada ya masomo alikimbia saluni, akangoja baba yake atoke kuchota maji, akafungua kisanduku.

Mkate wa ndani nao ulikuwa na ndevu za kijani. Tena ulikuwa na doa jeupe lenye manyoya ambalo ule wa nyumbani haukuwa nalo.

Dorcelle aliketi kwenye kiti cha wateja na mfuko mkononi. Alimwonea huruma baba yake, na aibu ikamshika, kana kwamba ni yeye aliyemnyoa David. Pale karibu palikuwa na ndoo ya nywele. Angeutupa humo na kuufunika, nani angejua? Jumapili angemwambia Deborah kwamba taa imeshinda. Alisimama, akainua kifuniko cha ndoo. Ndipo akamkumbuka David akijikuna mpaka damu, na watoto wengine waliokuwa wakija kesho, Jumamosi, siku ya watoto. Akaifunika ndoo tena.

Papa Muhindo aliporudi, alimkuta amesimama katikati ya saluni.

"Papa, nimefanya kitu. Usikasirike kwanza."

Alimwonyesha mkate, akaeleza yote, pamoja na habari za ule wa nyumbani. Papa Muhindo alikasirika hata hivyo. "Unatia mkate uliooza kwenye kisanduku changu cha kazi? Je, wateja wangeuona?" Alichukua mfuko, akauinua kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu. Alipousema ukweli, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ile taa ya kwanza iliungua mwaka juzi. Nilipeleka sokoni, muuzaji hakuwa na nyingine kama ile. Akanipa hii ya buluu, ya kupamba baa. Niliona iko inawaka buluu ileile. Nilifikiri buluu ndiyo dawa."

"Hukuuliza?"

"Ningemuuliza nani? Mimi ndiye kinyozi."

Alichomoa waya wa kisanduku ukutani. Taa ikazimika, na saluni ikawa na sura nyingine kabisa. Kesho yake, Jumamosi, saluni haikufunguliwa.

Asubuhi baba na binti walikwenda kwa Mama Domitille, mwanamke wa makamo aliyefundisha ususi na unyozi katika kituo cha mafunzo kisicho mbali na kwao. Mama Domitille hakucheka. Aliishika balbu ya buluu, akaizungusha, akairudisha mezani.

"Hii inapendeza macho tu," alisema. "Lakini Papa Muhindo, hata ile ya kwanza isingetosha. Mwanga wa ile taa haupenyi kwenye nywele na mafuta. Mashine lazima uisugue kwa brashi kwanza, nywele zote zitoke. Kisha unaipaka dawa, na unangoja muda ulioandikwa kwenye chupa. Kisanduku ni cha kuhifadhia kitu ambacho tayari ni kisafi. Tena kichwa chenye madoa hakinyolewi. Mwenyewe anatumwa kituo cha afya, apewe vidonge. Mapunye hayaponi kwa pomada ya sokoni."

"Mimi niko na patenti," Papa Muhindo alisema kwa unyonge.

"Patenti inasema komini inakujua na mlango wako uko wazi. Haisemi kama unajua unachofanya juu ya kichwa cha mutoto. Cheti ndicho kinasema hivyo. Mafunzo ni miezi minne, mchana mara tatu kwa wiki, halafu mtihani mbele ya watu watatu. Utakaa na wasichana wa miaka kumi na minane. Utaweza?"

Papa Muhindo alimtazama binti yake. "Nitaweza," alisema.

Lakini kabla ya yote alikwenda kwa Mama Régine, mama yao Deborah na David. Dorcelle alimfuata. Mama Régine aliwapokea uani na hakuwapa kiti.

"Mama Régine, mtoto aliugua mikononi mwangu," Papa Muhindo alisema. "Sikujua, lakini ilikuwa kazi yangu kujua. Mpelekeni kituo cha afya, dawa zote ni juu yangu. Na Jumapili, ukiwaambia bamama wa kwaya, waambie pia kwamba mimi mwenyewe nimekubali."

Mama Régine alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, sasa hakujua aanzie wapi. "Nimesikia," alisema, akaingia ndani. Deborah alibaki mlangoni akimtazama Dorcelle.

Jumanne iliyofuata, kwenye mlango wa saluni palibandikwa karatasi: WATOTO SINYOI KWA SASA, NIKO NASOMA. Watu wazima walicheka, wengine wakahamia kwa vinyozi wengine. Papa Muhindo aliwanyoa waliobaki, akisugua, akipaka dawa, akitazama saa kila mara. Jioni, kabla giza halijaingia, Dorcelle alishika daftari la masomo ya baba yake na kumuuliza maswali. Safari hii baba hakusafisha koo. Alipokosea, alisema "sijui," wakatafuta pamoja. Mzee Adalbert alisikiliza kuliko alivyosikiliza redio.

Mwezi wa nne likatokea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Kila mtahiniwa alitakiwa aje na mtu wa kunyolewa mbele ya wasimamizi, na kwa mtihani wa unyozi ilibidi awe mtoto. Papa Muhindo alizunguka majirani. Wote walimpa pole, na hakuna aliyempa mtoto. Habari za kwaya zilikuwa zimefika mbali.

"Chukua kichwa changu," mzee Adalbert alisema.

"Mzee, nitanyoa nini hapo?"

"Utapangusa, basi."

Walicheka, lakini Dorcelle aliona baba yake akigeuka kuitazama ile karatasi ya mlangoni. Bila mtoto hakuna mtihani, na bila mtihani karatasi ile ingebaki mlangoni mwaka mzima.

Kesho yake shuleni alimweleza Deborah. Hakumwomba kitu. Alisema tu, kwa sababu lilikuwa limemkaa moyoni na hakuwa na mwingine wa kumwambia. Deborah alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mtihani ni saa ngapi?"

Siku ya mtihani Papa Muhindo alifika kituoni mapema, shati limepigwa pasi, sanduku la vifaa mkononi, peke yake na Dorcelle. Wasichana walikuwa na wadogo zao tayari vitini. Mama Domitille alitazama saa, akamtazama, akainamisha kichwa.

Ndipo Mama Régine akatokea mlangoni. Mbele yake alikuwa David, kofia kichwani, nywele mpya zimejaa chini yake, na nyuma Deborah.

"Daktari amesema amepona kabisa," Mama Régine alisema, akamkalisha David kitini mwenyewe. "Nitasimama hapa hapa. Nitaona kila kitu."

"Simama, mama," Papa Muhindo alijibu. "Ndivyo inavyotakiwa."

Alinawa mikono. Alikagua kichwa cha David kwa mwanga wa dirisha, nyuma ya masikio na kisogoni. Alisugua mashine, akapaka dawa, akaiweka chini na kungoja, huku wasimamizi watatu wakiandika. David alimuuliza kwa nini anangoja, naye akamjibu kila kitu kwa utulivu. Mmoja wa wasimamizi aliuliza, "Na taa ya buluu, inafanya nini?"

"Ya kwangu ilikuwa inanifanya nisiulize," Papa Muhindo alisema. Kisha akatoa jibu lililomo daftarini, lote, bila kukosea.

Cheti kilitoka baada ya wiki tatu, kikatundikwa kando ya patenti. Wa kwanza kuingia Jumamosi iliyofuata walikuwa Mama Régine na David, na nyuma yao bamama wawili wa kwaya na watoto wao. Deborah alikuja na karanga, akaketi na Dorcelle kwenye benchi moja, bila nafasi katikati.

Jioni Papa Muhindo aliichukua balbu ya buluu, akamwekea Dorcelle mkononi.

"Mimi nilinyamaza nyuma ya kaka yangu miaka mitano nikidhani ni heshima," alimwambia. "Kumbe kazi inayogusa mwili wa mtu hairuhusu kubahatisha. Lazima ufundishwe, upimwe, na ukikosea ukubali. Wewe ukiona kitu hukielewi, uliza. Hata kama ninakifanya mimi. Hasa kama ninakifanya mimi."

Dorcelle aliifunga balbu ndani ya kitambaa. Halafu akatazama mezani.

"Papa, na hii poda ya shingoni, inafanya nini?"

Mzee Adalbert alipunguza sauti ya redio. Papa Muhindo alivuta kiti, akaketi.

"Kaa hapa, nikuambie," alisema. "Hii ninaijua."