Vidange Ine ya Gari Mupya

— Gaston, gari ya miezi mbili inaomba huile namna gani? Weye ulii…
— Maman Lise, niache nimalize…
— Umalize nini? Gari ulishaimaliza!

Ilikuwa lundi, saa mbili na dakika kumi ya asubui, mu cour ya kanisa. Ku tableau ya gari mupya ya paroisse, taa ya vidange, ya kubadilisha huile, mafuta ya moteur, ilikuwa inawaka. Inapashwa kuwaka ku kilometre elfu tano. Carnet ya safari inahesabu elfu tatu na mia tano tu. Kilometre zingine nani alikula? Maman Lise, présidente wa comité, alishanyang'anya Gaston clé ya gari. Miaka yake kumi na moja ya kazi ya chauffeur inaisha leo midi, saa sita.

Hadassa, secrétaire, akafungua carnet. Samedi ine, kila mwisho wa juma, neno moja, bila kilometre: Vidange.

— Unaona? Vidange ine! Huile yote aliuzisha!

Hadassa akaita Kalombo, mécanicien. Kalombo akavuta jauge, fimbo ya kupima huile: huile nyeusi kama masizi ya chungu. Akaingia chini ya gari, akatoka na vumbi mu ndevu.

— Filtre njo ile ilitoka nayo ku usine kwenye ilitengenezwa, boulon haiyafunguliwa, iko na rangi yake. Hapa hakuna muntu alishafanya vidange hata moja.
— Basi carnet inasema bongo, uwongo mutupu!
— Apana, mama, Hadassa akasema. Huku mu Kamina vidange iko mbili. Ya huile, na ile ya chupa tupu za bière. Gaston, samedi clé inabakiaka na nani?
— Na Papa Nahum, logisticien, ule pale nyuma ya gari. Minyi samedi niko ku shamba.

Nahum alikuwa anatafuta mulango ya cour na macho. Hadassa akasimama mbele yake.

— Papa, kilometre elfu moja na mia tano. Kaniama, kwenye ndugu yako anaikala, kwenda na kurudi, mara ine. Njo vile?
— Njo vile. Ndugu yangu iko na baa kule, kamyo yake ilikufa. Kama harudishe chupa tupu, depot ya hapa haimupe bière.
— Na ukanyamaza bamufukuze Gaston?
— Minyi sikusema bongo! Nilibeba vidange, nikaandika vidange.

Kalombo akacheka mupaka akakaa chini.

— Bière! Maman Lise akapiga kelele. Mu gari ya kanisa! Nahum, toka! Comité itakuita.

Nahum akaenda. Maman Lise akamunyooshea Gaston clé, lakini vidole havikuachia. Akaangalia nyuma, akashusha sauti.

— Gaston, mwana wangu. Pale utapeleka gari ku vidange… unipitishie na vidange yangu ku depot. Ni casier tatu tu za chupa.