Kiti cha Hissa, Upande wa Ziwa

Alhamisi ya tarehe kumi na saba Aprili, saa tisa na nusu, muadhini wa mtaa wa Rumaithiya, Kuwait, ndiyo kwanza amemaliza adhana ya alasiri, simu ya Barrak ikalia juu ya meza ya chakula. Familia ilikuwa imekaa kuizunguka ramani ya Italia na Uswisi, pembe zake zimekandamizwa kwa vikombe vya chai ya maziwa. Barrak alibonyeza simu ili wote wasikie.

"Baba Dhari, habari njema," alisema wakala wa safari. "Ndege ya Milano tumepata. Hoteli ya Como tumepata. Na treni ya kuvuka milima, Lugano, Lusern, mpaka Interlaken. Watu watano."

"Wanne."

"Watano, bwana. Binti yako alinipigia jana kuthibitisha. Akasema kiti chake kiwe dirishani, mkono wa kushoto, upande wa ziwa."

Barrak alimgeukia Wadha, binti yake wa miaka kumi na tisa.

"Usiniangalie hivyo, baba. Huyo wakala simjui hata jina. Na ziwa mimi la nini? Shida yangu mimi Milano, madukani."

"Hapo hasemi uongo," alisema kaka yake, Dhari. "Huyu akiona mlima atauliza unauzwa bei gani."

Wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, mmoja baada ya mwingine, maana wote walimkumbuka aliyekuwa akijua ziwa liko upande gani.

Hissa alikuwa mtoto wa kati. Mwaka mzima aliipanga safari hiyo katika daftari: treni gani, hoteli ipi ina jiko ili mama yake apike wali wake mwenyewe, na wiki gani ya Julai mvua hunyesha zaidi Interlaken, kwa sababu baba yake, kama wanaume wengi wa Kuwait, hakutaka kitu Uswisi zaidi ya kukaa kibarazani na kuitazama mvua. Agosti ya mwaka uliopita, akitoka kazini, lori lilihama njia likamuua. Alikuwa na miaka ishirini na tatu.

Barrak ndiye aliyeamua waende vilevile Hissa alivyoandika. Dhari alikuwa amepata kazi Doha, Wadha ameshachumbiwa. "Tusipokwenda mwaka huu," aliwaambia, "tutakuja kukutana misibani tu."

"Makosa ya wakala," alisema sasa, akikunja ramani. "Nitampigia Jumapili."

Moza, mkewe, aliinamisha uso kwenye kikombe chake, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulikuwa unaruka kwa furaha.

Katika nyumba ile, nguo za safari hazikunjwi mpaka zifukizwe udi. Na kufukiza kuna adabu yake: chetezo hakiwashwi bila bismillahi, na jina la aliyekufa haliitwi juu ya moshi. Moza alifundishwa hayo na bibi yake, naye akawafundisha wanawe. Lakini tangu siku tatu za matanga ziishe, kila Alhamisi baada ya alasiri alipanda chumbani kwa Hissa, akafungua sanduku dogo la magurudumu alilokuwa amelificha kabatini, akazifukiza nguo za binti yake moja moja, koti la mvua, sweta, soksi za sufu ambazo bado zilikuwa na karatasi ya dukani. Na juu ya moshi akaita: "Hissa, njoo. Sanduku lako tayari."

Bismillahi hakuitaja. Aliogopa kuitaja. Alijua kwamba jina la Mungu ni komeo la mlango, naye alitaka mlango uwe wazi. Na mlango ukiachwa wazi, anayeingia haulizi aliitwa nani.

Siku tatu baada ya simu ile, saa ya kulala mchana, mapazia yameshushwa na nyumba nzima imenyamaza, Moza alisikia magurudumu ya sanduku yakiviringika ghorofani. Yalikwenda mpaka dirishani, yakageuka, yakarudi. Alipanda ngazi bila viatu. Mlangoni alipokewa na harufu ya udi, ilhali chetezo kilikuwa jikoni, baridi, kimeoshwa. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, kama ya nywele zilizoungua.

"Moza binti Falah, umekula?"

Hissa peke yake ndiye aliyekuwa akimwita mama yake kwa jina lake na la baba yake, kwa utani. Moza alikaa chini pale pale kizingitini.

"Nimekula, mwanangu. Wewe je?"

"Nasikia baridi tu," ilisema sauti kutoka kabatini. "Koti langu umeliweka?"

"Nimeliweka."

"Na mchele? Usije ukaniaibisha Uswisi ukiwaomba watu mchele."

Moza alicheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu Agosti, na machozi yalimtoka akicheka.

Akawa anakwenda kila siku adhuhuri. Kabati hakulifungua, sauti ilimkataza, naye hakuuliza sababu. Walizungumza habari za treni, za Wadha na mchumba wake, za supu ambayo Hissa aliipenda alipokuwa mgonjwa akiwa na miaka saba. Kila alichokijua Hissa, sauti ilikijua. Kisha siku moja Moza aliswali humo chumbani, akakaa muda mrefu katika sijida.

"Unasema nini huko chini, Moza?"

"Nakuombea, mwanangu. Mungu aku—"

Mlango wa kabati uligongwa kwa ndani, pigo moja, vumbi likaanguka.

"Usiniombee. Watu huombewa wakifa. Mimi nimekufa?"

Moza aliutazama mlango ule. Kaburi alikuwa amelitembelea mwenyewe, akaushika udongo wake.

"Hapana," alisema. "Hujafa."

"Basi usiniombee."

Tangu siku hiyo akaacha. Watu wakisema "marehemu Hissa" alitoka chumbani. Wadha alipoinua mikono baada ya sala, mama yake aliishusha kwa mkono wake. Akakonda, nguo zake zikanuka nywele zilizoungua, naye hakuisikia harufu. Na sauti ikaanza kusema jambo jipya: "Waache waende na ramani yao. Tubaki sisi wawili."

Tarehe tatu Juni walikuwa na miadi ya viza, saa nne asubuhi, kwenda kutoa alama za vidole. Barrak alisimama sebuleni na faili la karatasi kwapani.

"Mama Dhari, tunachelewa. Abaya yako iko wapi?"

"Nendeni nyinyi. Mimi sisafiri."

"Husafiri? Mchele kilo kumi umefunga, ndimu kavu umefunga, hata sufuria umefunga!"

"Mpikiwe na Wadha."

"Mama, unataka tufe njaa milimani?" alisema Dhari, akijaribu kumchekesha. "Twende basi."

"Siwezi. Mtoto hawezi kubaki peke yake."

Funguo za gari zilianguka kutoka mkononi mwa Dhari.

"Mtoto gani?" aliuliza Barrak, polepole sana.

Huko juu magurudumu yalianza kuviringika, yakapita ukumbini bila haraka, yakaja mpaka juu ya ngazi, na sanduku likasimama pale likiwaelekea, mpini wake umeinuliwa kana kwamba umeshikwa na mtu, na ile harufu ikashuka ngazi moja baada ya nyingine kama maji yaliyomwagika, ikawafikia miguuni, ikapanda kifuani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutamka aya aliyoijua tangu utotoni, na katikati ya ukimya huo sauti ya Hissa, sauti yenyewe hasa, yenye kale kamkwaruzo ka asubuhi, ikasema, "Baba. Kiti changu ni cha kushoto."

Barrak aliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto.

"Usiitike!" Wadha alimng'ang'ania kiunoni. "Baba, wallahi usiitike! Siye! Siye!"

Siku hiyo hiyo, baada ya adhuhuri, Dhari alimleta mwalimu Sabika, bikizee aliyewafundisha Kurani wasichana wa mtaa ule, Hissa akiwemo. Alipanda kwa kuegemea ukuta.

"Magoti haya na ngazi hizi," alisema akitweta. "Jini wenu hakuona chumba cha chini?"

Hakuna aliyecheka. Akakaa kitandani kwa Hissa, akamvuta Moza kando yake, akanusa.

"Ulimfukizia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Bila bismillahi?"

Moza aliinamisha kichwa.

"Sikiliza, mwanangu. Kila mtu huzaliwa na mwenzake wa kijini. Mtu akizikwa, yule habaki kaburini. Hutangatanga na yote aliyoyasikia kwa mwenzake, sauti yake, utani wake, njia alizotaka kupita. Huyo ndiye aliyekuja."

"Kwa hiyo anamjua mwanangu."

"Anamjua kuliko mimi na wewe."

"Anampenda?"

Bikizee alitikisa kichwa. "Angempenda, asingekukataza kumwombea. Yule binti yuko kwenye mchanga, Moza. Anaisubiri dua ya mama yake, na mama yake yuko hapa anampelekea mwingine."

Moza alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

"Basi mtoe, mwalimu," alisema Barrak.

"Mimi nitasoma. Kusoma kutamtikisa. Lakini mgeni huagwa na aliyemkaribisha, kwa bismillahi ile aliyoiacha."

Akasoma Ayatul Kursiyyu, taratibu, kama alivyowasomea wasichana darasani. Kiyoyozi kilizimika chenyewe, lakini baridi ikazidi. Kabati likatetemeka. Aliposoma mara ya saba, sauti ikaja chini kabisa, karibu na sakafu.

"Moza binti Falah. Ukilisema hilo neno sitarudi. Hutaisikia tena sauti hii mpaka siku ya mwisho."

Na hilo lilikuwa kweli. Hata muongo hupita penye ukweli akitaka kuumiza.

Moza alisimama. Alitembea mpaka kabatini, akaweka kiganja juu ya mbao, mahali ambapo paji la uso la binti wa kimo cha Hissa lingeegemea. Alikaa hivyo muda mrefu. Barrak alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Bismillahi," alisema Moza. "Binti yangu Hissa amekufa. Mungu amrehemu."

Ndani ya kabati mtu alilia, kwanza kama msichana, kisha kama mbwa, kisha kama kitu kisicho na koo. Mlango ulifunguka. Nguo zilikuwa zikining'inia, zimetulia. Harufu ilitoka dirishani kama moshi unaovutwa, na kiyoyozi kikaanza kunguruma.

"Amekwenda?" aliuliza Sabika.

"Wamekwenda wote wawili," alisema Moza, akaanguka magotini.

Mara hii hapakuwa na jeneza, wala watu wa kumpa pole. Wadha alimshika bega moja, Dhari bega lingine, na baba yao akakaa sakafuni mbele yao. Wiki kadhaa za dua Moza alikuwa amemnyima mwanawe. Akaiinua mikono, nao wakainua yao.

Ewe Mola, msamehe Hissa binti Barrak. Mpanulie kaburi lake, umtilie nuru ndani yake, umkinge na baridi na upweke. Makosa ni yangu, usimhesabie yeye. Mfikishe salama kule ambako sisi hatujafika, na utukutanishe naye utakapopenda wewe. Amin.