Nyasi za Kando ya Njia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Belise alifagia uwanja wa nyumba yao. Alianzia mlangoni akaenda akirudi kinyumenyume mpaka kwenye ua, ili asiache nyayo zake juu ya udongo uliofagiwa. Nyasi ikichungulia mahali, aliing'oa na mizizi yake. Mama yake, Uwamahoro, alikuwa ameshakwenda ufukweni kusubiri mitumbwi, maana aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Akirudi, aliutazama uwanja kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa safi, hakusema neno. Ukiwa na jani moja, alilisema jani hilo mpaka jioni.

Nyumba yao ilikuwa Gisenyi, chini kabisa ya mlima Rubavu. Mtu akisimama mlangoni, aliona ziwa upande mmoja na miti upande wa pili. Msitu wa mlimani ni wa umma. Hakuna anayelima humo wala kukata kuni. Ipo njia moja ya miguu inayopanda kwa kona nyingi mpaka juu, na watu huipanda kwenda kutazama ziwa na mji wa Goma ng'ambo ya mpaka.

Njia hiyo ilitunzwa na kikundi cha watu waliojitolea, wakubwa kwa watoto. Jumamosi mchana walipanda wakaokota chupa, wakaondoa matawi yaliyoanguka, wakaziba njia za mkato kwa miiba. Kiongozi wao aliitwa Evode, kijana aliyekulia Tanzania, ambaye siku nyingine alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Belise alijiunga nao pamoja na Gisubizo, mtoto wa jirani aliyesoma naye darasa moja. Kila wawili walikuwa na kipande chao cha kutunza. Chao kilikuwa kwenye kona ya kwanza, juu kidogo ya bomba la maji la mtaa.

Jumamosi moja Evode aliwaambia kwamba wageni wa wilaya wangekuja kuipanda njia. Watoto ambao kipande chao kitapendeza zaidi ndio watakaowatangulia wageni na kuwaonyesha njia. Belise alikuwa mtoto ambaye darasani hanyanyui mkono hata akilijua jibu. Lakini maneno hayo yalimkaa moyoni. Alijiona akipanda mbele, wageni wakimfuata, na mama yake akitazama kutoka chini.

Walipofika kwenye kona yao, Belise alisimama akaitazama kwa macho ya nyumbani. Majani makavu yalikuwa yametanda njia nzima. Nyasi ndefu zilikuwa zimeinama kutoka pande zote mbili. Tena kulikuwa na mitaro midogo iliyokatiza njia, yenye mawe ukingoni, ambayo mtu asipoangalia angejikwaa.

"Mgeni akipita hapa atasema pahali hapa hapana mwenyewe," alisema.

Gisubizo alitaka wamwulize Evode kwanza, lakini Evode alikuwa ameshapanda juu na wengine.

"Kufagia nako mpaka tuombe ruhusa?" Belise alimwuliza.

Basi wakafanya kazi, na walifanya kwelikweli. Waling'oa nyasi zote za kando. Walifagia majani mpaka udongo ukaonekana mwekundu. Mitaro nayo waliijaza udongo, wakaukanyaga ukawa sawa na njia, wageni wasije wakaanguka. Jua lilipoanza kushuka, kona ile ilikuwa kama uwanja wa nyumba inayongoja harusi. Lililobaki ni lundo la nyasi. Gisubizo alisema leo mbuzi wa Mukasine nao watakula harusi, wakacheka, wakazifunga mizigo miwili wakampelekea.

Mukasine alikuwa mama aliyerudi kutoka Congo miaka mingi iliyopita. Nyuma ya nyumba yake alifuga mbuzi, na kwa mbuzi hao alimsomesha mwanawe, Théogène. Mtaa ulimpa ruhusa ya kukata nyasi pembezoni mwa msitu, kwa mundu tu, bila kung'oa. Alipoona mizigo miwili mlangoni alifurahi, akawapa watoto mahindi ya kuchoma. Hakuuliza nyasi zimetoka wapi. Alidhani zimetoka kwenye shamba la mtu.

Evode aliposhuka, giza lilikuwa linaanza kuingia. Alipita kwenye kona kwa haraka, akasema hapa pamependeza sana, na kwamba wageni watatanguliwa na Belise na Gisubizo. Belise alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba yai.

Katikati ya wiki mvua ilinyesha. Ilikuwa mvua ya mchana, ile inayopiga mabati mpaka mwalimu anaacha kufundisha na kungoja. Belise alipofika nyumbani alikuta watu wamesimama kwenye bomba na madumu matupu. Bomba lenyewe halikuonekana. Tope jekundu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani likalifunika, na mawe yalikuwa yameviringika mpaka barabarani. Mama yake alikuwa ndani ya tope, viatu mkononi, akitafuta mahali bomba lilipokuwa.

Belise alipanda mbio mpaka kwenye kona. Njia haikuwapo tena. Mahali alipofagia, maji yalikuwa yamechimba korongo la kuingia mtu mpaka magotini. Vipande vya wenzao, vyenye majani na nyasi zao zilizoinama, vilikuwa vizima. Alivitazama kwa muda, akaelewa. Kisha akashuka bila kumwambia mtu.

Ziara ya wageni iliahirishwa. Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja, ilipofika, mtaa mzima ulitoka na majembe na koleo kulifukua bomba, na kazi ilipokwisha watu waliketi kwa mkutano kama ilivyo desturi. Belise aliketi karibu na mama yake. Evode alieleza kwamba zile nyasi zilipandwa makusudi ili mizizi yake ishike udongo, na kwamba kuna mtu amezing'oa.

Mwanamume mmoja akasema yeye ameona nyasi zenye mizizi na udongo mbele ya mbuzi wa Mukasine. Watu wote wakageuka. Mkuu wa mtaa alimwuliza Mukasine kama ni kweli.

"Ni kweli, ziko kwangu," Mukasine alijibu. "Lakini mi sikung'oa. Nilipewa."

"Alikupa nani?"

Mukasine aliwatazama watu waliokuwa mbele yake, kisha akatazama chini. "Mutu alinipa kwa roho muzuri. Sitamutaja hapa."

Mkuu wa mtaa alisema kwa upole, lakini alisema. Kama Mukasine hamtaji aliyempa, basi itabidi ruhusa yake ya kukata nyasi ifutwe, kwa sababu mtaa mzima umekaa bila maji. Mukasine alianza kufunga upya kitenge chake, kama mtu anayejiandaa kwenda nyumbani.

Gisubizo, upande wa pili, alikuwa anatazama viatu vyake. Belise aliinamia sikio la mama yake na kumwambia yote kwa kunong'ona: nyasi, majani, mizigo miwili.

Mama yake hakushtuka wala hakumkaripia. "Unaninong'oneza mimi kwa nini?" alisema. "Wanaopaswa kusikia ndio hawa waliokaa."

Belise akasimama. "Nilizing'oa mimi," alisema. Mzee mmoja wa nyuma akaomba aongeze sauti, hakusikia. Ilimbidi aseme mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi ya ile ya kwanza. "Nyasi nilizing'oa mimi. Nilitaka njia iwe safi. Mama Mukasine hakujua zimetoka wapi."

"Na mimi nilikuwapo," Gisubizo alisema akiinuka. "Hata mitaro tuliijaza."

"Mitaro?" Evode aliuliza. "Mliijaza mitaro?"

"Ili wageni wasijikwae."

Mtu mmoja akasema watoto hawa wakiachwa watafagia hata ziwa, na watu wakacheka, lakini Evode hakucheka. Alisimama akasema kwamba kosa hilo si la watoto peke yao. Yeye aliwapa kipande cha kutunza bila kuwaeleza hata siku moja mitaro ile ni ya kazi gani. Tena alipita, akasifu, bila kuangalia vizuri. Mkuu wa mtaa alimwomba Mukasine radhi mbele ya watu wote, na ruhusa yake ikabaki kama ilivyokuwa.

Mchana huohuo walipanda kwenye kona, wakubwa na watoto. Evode alimwaga dumu la maji juu ya korongo, na maji yakashuka moja kwa moja kuelekea bombani. Kisha wakajaza korongo kwa mawe na udongo, wakachimba mitaro upya kwa mshazari, wakapanga mawe ukingoni. Mukasine alikuja na kikapu cha nyasi zenye mizizi alizochimba kwenye mpaka wa shamba lake. Alimwonyesha Belise jinsi ya kuzipanda karibukaribu.

"We ulinipa, na mi ninakupa," alimwambia. "Donc tumemalizana."

Evode alimwaga dumu la pili. Safari hii maji yalifika kwenye mtaro, yakapinda, yakapotelea kwenye miti. Belise aliomba amwage la tatu yeye mwenyewe.

Wageni walikuja nyasi zilipokuwa zimeshika. Watoto wengine ndio waliowatangulia, na Belise hakuweza kulalamika. Yeye alisimama kwenye kona yake. Mgeni mmoja mwenye viatu vizuri alipofika hapo aliuliza kwa nini majani haya makavu hayafagiwi. Evode alifungua mdomo ili ajibu, kisha akaufunga, akamtazama Belise.

"Yanazuia mvua isipige udongo," Belise alisema. "Nyasi zinaushika, na mtaro huu unayatoa maji njiani. Sisi tuliwahi kufagia. Bomba la mtaa likafunikwa na tope." Sauti yake ilifika hata kwa wale wa nyuma. Mgeni akavuka mtaro kwa uangalifu, akaendelea kupanda.

Jioni Uwamahoro alikuwa akianika sambaza waliobaki, akamwita mwanawe.

"Kujitolea ni jambo zuri," alimwambia, "lakini kitu cha watu wote hakitunzwi kama uwanja wako. Ukikuta kitu kimewekwa mahali, uliza kwanza kiliwekwa kwa sababu gani, ndipo ukiguse. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako."

Belise aliitikia. Asubuhi alichukua ufagio kama kawaida, akaanzia mlangoni akirudi kinyumenyume. Alipofika chini ya ukingo wa paa, pale maji ya mvua yanapodondokea, mama yake alisema kutoka ndani, "Hapo ziache nyasi ziote."