Shimo Lisilo na Mwenyewe

Siku ya nne ya kulowekwa, mihogo haikuwa imelainika.

Ketsia alibonyeza mmoja kwa kidole gumba, akabonyeza mwingine, wa tatu akauvunja kwenye goti. Mgumu, mweupe, kama uliong'olewa asubuhi ile ile. Jua la mji wa Baraka lilikuwa limewaka siku zote nne. Mashimo ya wenzake kando ya kijito yalikuwa yameshatoa povu na ile harufu kali inayomwambia mwanamke alete kikapu. La kwake peke yake halikunuka kitu.

Halikuwa la kwake hasa. Shimo lake la zamani lilimezwa na ziwa maji yalipopanda, na hili alilikuta nyuma ya matete, limechimbwa vizuri, kingo zimepangwa mawe, halina mwenyewe. Alilisafisha, akatia mihogo, akafunika kwa majani ya mgomba. Katika kijito kile hakuna anayegusa shimo la mwenzake hata wakati wa njaa, kwa hiyo alijua mihogo yake iko salama. Hakuona haja ya kumuuliza mtu.

Akaingiza mkono hadi kwapani, atafute ile ya chini kabisa. Vidole vikagusa plastiki.

Ulikuwa mfuko mweusi uliofungwa kwa kamba ya mgomba, mafundo matatu. Ndani mlikuwa na dola, noti za mia mia, bunda nene kama Biblia ya mchungaji. Ketsia alizitazama mara moja tu, akafunga mfuko upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani.

Tania, binti yake wa miaka mitano, alikuwa juu ya jiwe akichezea maganda.

"Mama," akasema, "ule mama anasema bado."

"Mama gani?"

"Ule wa chini ya majani."

Ketsia akayatazama majani ya mgomba yaliyolala pale kando, yamelowa. Ilikuwa saa sita ya mchana na wanawake wote walikuwa wamekwenda. Akauzika mfuko kikapuni chini ya mihogo migumu, akamshika mtoto mkono, akapanda njia bila kugeuka.

Ukiokota pesa nyingi hivyo, unampelekea nani? Alijiuliza swali hilo akimenya, akifagia, akimwogesha Tania. Shefu wa kartier, yaani mkuu wa mtaa, angeuliza nyingine ameficha wapi. Askari wangeuliza hivyo hivyo, na fimbo mkononi. Zikitangazwa kanisani, mabenchi mazima yangesimama kusema ni zao. Mume wake, Bonaventure, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Misisi, na simu yake ilikuwa haipatikani wiki ya pili sasa. Halafu alifikiri juu ya watu waliokimbia vita. Mara ngapi watu wa huku wamekimbia, wakaficha walichonacho ardhini au majini? Pengine mwenyewe yuko kambini ng'ambo ya ziwa, anaiota pesa yake kila usiku. Wazo hilo lilimtia huruma. Akaapa kuitunza mpaka mwenyewe atokee.

Kesho yake akawauliza wenzake kijitoni, kama mchezo: "Bamama, mukiokota feza mingi, mutafanya nini?"

"Mi?" akajibu Espérance, mwenye kicheko kikubwa kuliko wote. "Nanunua mbuzi kumi na bwana mupya. Huyu wa sasa nabakisha achunge mbuzi."

Walicheka hadi beseni la mtu likachukuliwa na maji, wakalikimbilia wote. Hakuna aliyesema amepoteza kitu.

Ketsia akazianika noti kwenye ungo, chini ya kitanda, mlango umefungwa. Na kiapo chake angekishika, kama si Clarisse.

Clarisse alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja. Alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, na sasa wiki ya tatu alikuwa bado maternite, hospitali ya uzazi, na mtoto wake, kwa sababu bili haijalipwa. Hawakumtesa. Muuguzi mmoja alimletea uji kutoka nyumbani kwake mwenyewe. Lakini mlango wa kutoka hakuruhusiwa kuuvuka. Na huyo Clarisse ndiye aliyekuja kila asubuhi mwaka uliopita, Ketsia alipolala na malaria, akamlisha Tania, akafagia ua, akaondoka kabla ya kushukuriwa.

Ketsia akachukua noti moja.

Kijana wa kupokea pesa pale maternite aliinua noti kwenye mwanga, akakagua pembe zote nne, maana hapa dola yenye mpasuko mdogo tu haipokelewi. Kisha akainusa.

"Mama, hii feza inanuka muhogo."

"Njo yenye tunauza, papa. Mihogo."

Kijana akacheka, akaiweka ndani. Ketsia akamwomba asimwambie mtu nani amelipa. Jioni ile Clarisse alirudi nyumbani na mtoto wake Dany mgongoni, akiimba njia nzima, na Ketsia alimsikiliza kupitia ukutani akajisikia tajiri kweli.

Kesho yake, aliporudi kutoka shambani saa sita, nyumba ilikuwa inanuka mihogo iliyolowekwa, na ndani hamkuwa na muhogo hata mmoja. Tania alikuwa amelala kitandani, jambo asilolifanya mchana. Ketsia akamshika mkono. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, kama za mtu aliyekaa majini tangu alfajiri.

"Ulienda kwa maji?"

"Hapana, mama. Nilikuwa hapa."

"Na nguo imelowa sababu ya nini?"

Tania akafikiri. "Anakuya na maji yake."

Siku ya pili ilikuwa miguu. Ketsia alipomfuta kisigino kwa kitambaa, ngozi ilitoka, nyembamba na laini, bila damu, kama linavyotoka ganda la muhogo uliokaa vizuri, na mtoto hakulia, alicheka akasema inamtekenya. Ketsia aliketi sakafuni na kipande kile cha ngozi kiganjani, asijue akitupe au akitunze.

Siku ya tatu hakwenda shamba. Aliburuta kigoda mpaka kando ya kitanda, akamshika Tania mkono, akangoja, na jua liliposimama katikati ya paa na kelele za watoto wa jirani zikafifia kama vile mtu amefunga mlango, akasikia tone likianguka nyuma yake, kisha tone lingine karibu zaidi, kisha godoro likabonyea upande wa pili kama linavyobonyea mtu anapokaa, ila hapakuwa na mtu, na harufu ile ikapanda mpaka ikamchoma macho, na mbele ya macho hayo hayo, kwenye paja la mwanawe, shimo dogo la duara likaanza kuingia polepole, likazidi kwenda chini, upana wa kidole gumba, jinsi yeye mwenyewe alivyobonyeza mihogo maisha yake yote kujua kama iko tayari, na lilipoachiwa nyama haikurudi, ilibaki na shimo lake kama unga uliokandwa.

"Bado kidogo," ikasema sauti, taratibu, kama ya mtu mwenye maji kinywani. "Kesho."

Ketsia alimfunga mtoto mgongoni akakimbia.

Alikimbilia ufukweni kwa Koko Waridi, kama wote walivyomwita bibi huyo, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, wa familia ya Waislamu wa pwani, ambaye watu wenye kusumbuliwa na majini walimwendea bila kutangaza. Alikuwa anageuza samaki juani. Hakuacha kugeuza. Alimbonyeza Tania mkono mara moja, akaufuta mkono wake kwenye kanga.

"Sema chini," akasema. "Ulitoa nini mu shimo?"

Ketsia akamwambia yote. Bibi akatikisa kichwa.

"Shimo nzuri vile, na mawe pembeni, mu kijito chenye bamama bote banapigania nafasi. We haukujiuliza sababu gani hakuna mwenye kuitumia?"

"Nilizani mwenyewe alikimbia."

"Mwenyewe hakukimbia. Mwenyewe iko ndani. Ulitoa yenye aliloweka na haijaiva, sasa analoweka yako."

"Analoweka feza ya nini, Koko?"

"Mi nitajua? Nilikuwa naye mu maji?" Bibi akashusha sauti zaidi. "Rudisha kesho, saa sita, kabla hajaenda kwako. Yote."

Ketsia akakaza kitambaa cha mtoto mgongoni.

"Ulitumia."

"Moja tu. Nilisaidia muntu."

"Usinitajie ni nani!" Bibi alimziba mdomo kwa kiganja chenye magamba ya samaki. "Na yeye usimutajie. Atakuuliza ile moja iko wapi. Ukitaja muntu, umemupa huyo muntu. Umesikia? Toa kitu chako. Chenye ni chako kabisa."

"Mi siko na kitu."

"Kila muntu iko na kitu."

Kisha bibi akamfungia ndagala kwenye gazeti kwa ajili ya mtoto, akakataa pesa, na ingawa magoti yalimuuma alimsindikiza mpaka barabarani, akimshika Tania mguu ule uliochubuka ili usigongegonge.

Kesho yake saa sita Ketsia alisimama mbele ya shimo. Tania alikuwa mgongoni, mzito, baridi, nguo ya mama yake imelowa mpaka kiunoni kwa maji yaliyotoka kwenye ngozi ya mtoto. Majani ya mgomba yalikuwa yamefunikwa upya, vizuri, kwa mpangilio. Yeye hakuyafunika.

Akayaondoa. Akapiga magoti, akauingiza mfuko majini, akausukuma mpaka chini. Kitu kikaupokea. Akavuta mkono, na mkono haukuja.

"Moja iko wapi?"

Sauti ilitoka chini, ikapanda kwenye mkono wake kama baridi. Kidole gumba kilikuwa juu ya mshipa wake, kinabonyeza, kinapima.

Jibu alikuwa nalo mdomoni. Jina fupi tu. Dany, mtoto wa wiki tatu ambaye si wake, ambaye hata hajui kucheka bado, na huyu wa mgongoni anamwita mama kwa miaka yake yote mitano, na nani angejua, nani angemhukumu mwanamke kwa neno moja alilosema peke yake kijitoni, na wakati anawaza hivyo alimsikia Clarisse akiimba njiani, kama alivyomsikia jioni ile, akajua kwamba akilitaja jina hilo atausikia wimbo huo kila siku ya maisha yake.

"Mi njo nilikula," akasema. "Mi mwenyewe. Unichukue mi."

Kidole kikabonyeza zaidi. Mkono ukaanza kuzama: kiwiko, bega. Shavu lake likagusa maji.

"Ngoja!" akalia. "Naomba. Huyu mutoto hana mwengine. Ningoje mpaka ajue kujipikia. Akijua kujipikia, ukuye."

Maji yakatulia. Nzi akatua juu yake, akaruka.

"Nitangoja," ikasema sauti, na mkono ukaachiliwa.

Kabla ya jioni ngozi ya Tania ilikuwa kavu, na mtoto anaomba chakula. Ketsia akampikia. Akaketi akimwangalia anavyokula, na hapo ndipo alipoelewa ameahidi nini.

Huku kwetu mtoto wa kike wa miaka saba anasonga bugali. Wa Ketsia alifika saba, akafika nane, hajui hata kuwasha moto. Mama yake alimfukuza jikoni kama anavyofukuzwa kuku. Alificha kiberiti ndani ya blauzi. Alikwenda shamba na mwiko. Alipika akiwa na homa, siku moja alipika akiwa ameshikilia ukuta.

"Mutoto mukubwa hivi!" Bonaventure alisema, alipokuwa amerudi kutoka machimboni. "Utamuoza kwa nani, Ketsia?"

"Atakula kwangu."

"Na siku utakufa?"

Ketsia alizidi kukoroga chungu. Wanawake walimcheka kijitoni. Espérance alisema anamlea malkia wa Ulaya. Clarisse peke yake hakucheka. Alimtazama Tania akizomewa na wenzake, akamtazama Ketsia anavyokonda, akaondoka na jambo lake moyoni.

Ilikuwa siku ya soko, saa sita ya mchana. Ketsia alikuwa anarudi kutoka shamba na akaona moshi juu ya jiko lake. Aliangusha kikapu. Alikimbia, mlangoni akasimama.

Tania alikuwa amepanga sahani juu ya mkeka. Bugali la duara, limelainishwa kwa maji juu, sombe la majani ya muhogo pembeni, ndagala watatu. Alikuwa na unga puani na mkono umeungua kidogo, na uso wake uling'aa kama siku ya Noeli.

"Kaa, mama. Leo mi njo nimekupikia."

"Nani alikufundisha?"

"Mama Dany. Tulikuwa tunajifunza kwake, we ukiwa shamba. Yule kijana wa maternite alimwambia ni we ulilipa. Anasema we ulimutoa, na yeye hana kitu ya kukupa, basi akupumzishe mikono." Akacheka. "Ilikuwa siri!"

Kutoka ng'ambo ya ukuta Clarisse akapaza sauti, kwa furaha: "Mama Tania! Kula kwanza, utanishukuru kesho!"

Ketsia akakaa. Akanawa mikono, kila kidole, bila haraka. Akakata tonge, akalichovya, akala. Lilikuwa limeiva sawasawa, halina hata kidonge cha unga.

"Ni tamu?"

"Ni tamu, mama. Ni tamu sana." Akamvuta binti yake, akambusu kipaji, akamfuta unga puani kwa kidole.

Tania akatazama mlangoni, nyuma ya mama yake, akatabasamu kwa adabu kama alivyofunzwa.

"Mama, na ule mugeni, nimupakulie?"

Ketsia hakugeuka.

"Mupakulie, mama," akasema. "Mupe mingi. Mwambie akule polepole."